Maji ya Laini ya Nne Yameenda Wapi

Kijiwe cha Kathambi pale Mitunguu kina chupa moja ya chai, vikombe vya bati na, tangu ubao wa zamani uoze, bomba nene la chuma juu ya mawe mawili. Bomba alilileta Mbaabu kwa mkokoteni, akasifiwa sana, na kusema kweli hakuchoka kusifiwa. Lakini leo hana raha. Wiki ya tatu laini ya nne ya umwagiliaji haina tone la maji, na ndizi zake zote ziko huko, zinanyauka.

— Ulienda ofisi? akauliza Mithika, aitwaye Wakili kwa kuwa aliwahi kuitwa kortini, tena kama shahidi.

— Nilienda. Ofisi ya maji wanasema hio ni kazi ya chama ya wakulima. Chama wanasema bomba ni ya serikali.

— Basi maji imekosa mwenyewe, ikarudi mlimani. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Hayajamwagika, Wakili.

— Ndio maana hayazoleki.

Njoka, mwalimu mstaafu wanayemwita Profesa, akatikisa kichwa.

— Ni chatu. Aliingia kwa bomba akiwa mdogo, akanenepea huko.

— Anakula nini? akauliza Kathambi.

— Anakula zamu za maji. Ya Mbaabu ilikuwa Jumanne.

— Mimi nasikia watu wa Embu wametoboa mlima kwa nyuma, Wakili akasema, maana hakubali kushindwa. Wanavuta na mrija.

Mbaabu akachoka nao. Akapiga kofi kiti chake, kikalia ngoo.

— Wacheni hio. Kuna mtu ya hapa hapa anatumaliza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wote wakaafiki. Ndipo pikipiki ikamshusha Wanja, fundi mpya wa ofisi ya maji, futi ya kupimia mkononi.

— Habari zenu, wazee. Natafuta kipande ya laini ya nne. Mafundi waliifungua kuosha, wakaiacha kwa nyasi wakienda kutafuta raba ya kuziba. Kurudi, hakuna. Ofisi ikadhani ni chama imechukua, chama ikadhani ni ofisi.

Kathambi akampa chai. Wanja akatafuta pa kukaa, akainama, akanyoosha futi.

— Na hii kiti yenu, nani aliileta?

Profesa akautazama mlima. Wakili akakosa ushahidi. Wakainuka mmoja mmoja, wote isipokuwa Mbaabu. Yeye alikuwa amekalia namba 4 ya rangi nyekundu, ambayo siku ya kuliokota bomba aliidhani ni idadi ya watu wanaoenea.