Mchele Kwenye Boksi la Maikromita

Kijiwe chetu kiko Bulyaga, hapa Tukuyu, ubavuni mwa duka la vipuri lililofunguliwa biashara zilipoachiwa huru. Benchi moja, birika la Simon muuza kahawa juu ya mkaa, na mvua isiyojali kama tumemaliza kuongea. Jumamosi ile tulikuwepo Ackson, fundi wa mashine za kusaga, tunayemwita Grisi, Elisha, tunayemwita Redio kwa sababu hazimi, mwalimu Lukasi, wa kuja kutoka Singida, yeye ni Ticha, na mimi. Wa kusemwa alikuwa Ambindwile. Kiwanda cha chai kilipouzwa alipunguzwa kazi, na karakana ilipopigwa mnada akanunua maikromita, kile kipimo cha chuma kinachopima unene wa shafti hadi unywele. Sasa wenye mashine wa Suma wanampita Grisi mlangoni kwenda kwake. Wivu ulikuwa unatutafuna sote, sikufichi, ila Grisi ulishamfika mfupani.

Redio: Nimepita kwake asubuhi. Kaacha mlango wazi makusudi tumwone. Koti jeupe, kama daktari wa meno!

Grisi: Anajidai tu. Chuma ni chuma.

Redio: Anaifuta ile maikromita kwa kitambaa cha pamba na mafuta ya taa kidogo. Kisha tone la mafuta ya cherehani. Tone moja, gwe! Nimemsalimia, kaniinulia kidole nisubiri.

Ticha: Mimi kanikataza hata kuishika. Eti jasho la mkono linaleta kutu. Jasho langu mimi, mtumishi wa serikali!

Redio: Subirini sasa. Kachukua karatasi nyeupe, kaibana kwenye mdomo wa maikromita, kaivuta taratibu. Fundi gani anapima karatasi?

Ticha: Labda anasafisha.

Grisi: Karatasi isafishe chuma? Huko Singida ndivyo mnavyofanya? Ile imeandikwa majina, Ticha. Langu limo.

Mimi: Umeliona?

Grisi: Sina haja ya kuliona. Nalisikia mwilini.

Redio: Halafu hakuifunga. Kailaza kwenye boksi mdomo wazi.

Grisi: Mnaona? Ule mdomo ndio unaomeza wateja wangu!

Redio: Na pembeni kuna kifuko cha kitambaa. Nimechungulia. Mchele uliokaangwa.

Grisi: Mchele! Ndani ya boksi la vyuma! Hiyo dawa imetoka mbali, si ya hapa Rungwe.

Ticha: Mchele wa Mbarali au wa Kyela?

Grisi: Wa Kyela. Unanukia, wateja wanafuata harufu.

Nilicheka, lakini nilitamani iwe kweli. Kushindwa na dawa kunavumilika kuliko kushindwa na kitambaa.

Ndipo akatokea Mama Felista wa Kinyala, mteja mkubwa pekee aliyebaki kwa Grisi, amejitwisha shafti ya mashine yake ndani ya gunia. Akiondoka huyu, Grisi afunge duka.

Felista: Mugonile?

Sote: Tugonile, mama.

Grisi: Lete huku hiyo shafti, mama. Usithubutu kwenda kwa Ambindwile, yule anatumia mchele!

Felista: Si wa kunyonya unyevu? Hata mimi naweka kwenye chumvi. Kwa mvua hii ya Tukuyu, chuma kitaponaje?

Simon akajifanya anapuliza mkaa.

Felista: Ackson, mara ya mwisho ulinipimia kwa uzi na ukucha, beringi inalia mpaka leo. Ile siku ya mnada si mlinunua mbili, yeye moja na wewe moja? Ya kwako iko wapi?

Grisi akatazama ndani ya kikombe. Redio akainama kufunga kamba za viatu. Ticha akakohoa. Hapo kijiweni hakuna asiyejua: maikromita ya Grisi ndiyo komeo la mlango wa banda lake la nguruwe. Inanyeshewa pale tangu mwaka jana, na imebana barabara.

Mama Felista akateremka na gunia lake kwa Ambindwile.

Grisi akasimama, kahawa haijafika hata nusu. Nilidhani anamkimbilia. Akakata kona kwenda kwake, hasemi na mtu. Muda si mrefu tukaona nguruwe wake wote wanakatiza barabara.