Sharifa Kalume, Fundi Aliyezima Ambulansi Mlimani

Baada ya miaka thelathini na miwili katika gareji ya hospitali yetu hapa Kindu, Mama Sharifa Kalume anastaafu tarehe 30 Juni. Gareji nzima imechangamka kwa maandalizi, na yeye bado yuko chini ya boneti, anaimba.

Alianza kwa kuosha magari, akapanda hadi kuwa fundi mkuu. Gari likiingia tu getini, alishajua buji ipi, yaani plagi ya cheche, imechoka. Dereva aliyekanyaga mafuta ovyo alimwita Jenerali kwa utani wiki nzima.

Lakini safari ya kutoka Obokote ndiyo inayosimuliwa zaidi! Sharifa alikuwa kwenye usukani wa ambulansi, akimleta hospitalini Odile, mama ambaye uchungu wake ulikuwa umekwama. Mafuta yalipopungua, wakanunua esansi, yaani petroli, ya chupa kando ya barabara. Kwenye mlima wa kwanza injini ikaanza kugonga kama nyundo juu ya chuma. Daktari Florentin, aliyekuwa nyuma na mgonjwa, akaomba wakaze mwendo. Sharifa akazima gari.

"Dokta, hii esansi iko na mafuta ya taa ndani," alisema. "Inabanwa, inapata joto, inajiwasha yenyewe kabla moto wa buji haujaifikia. Njo maana inapiga pistoni. Tukikaza, pistoni itatoboka, na mama atabakia hapa."

Florentin alimtazama Odile, kisha akamuuliza Sharifa amsaidie nini. Akashikilia vyombo huku Sharifa akilegeza distribita, kifaa kinachogawa cheche, na kuizungusha kidogo, ili cheche ichelewe. Wakangoja injini ipoe. Odile alilia, na Sharifa anasema hajawahi kungoja kitu kigumu kama kile. Kisha wakapanda kwa gia ndogo, pole pole. Kugonga kukakoma! Wakafika Alunguli, ng'ambo ya Kindu, wakavuka mto hadi hospitalini, Odile akapasuliwa, na mtoto wa kike akalia kwa nguvu hadi walinzi wakasikia.

Tangu hapo tunadondosha esansi kwenye karatasi kabla ya kuinunua. Ikiacha doa la mafuta, tunaikataa. Masizi ndani ya injini nayo Mama Sharifa huyakwangua bila kuchoka, maana huleta kugonga kulekule.

Mama Sharifa, tunakushukuru kwa kila gari lililorudi na watu wake wote. Tunakuombea afya, shamba lako la Mikelenge lenye mihogo minene, na asubuhi ndefu ambazo hakuna dereva atakayekugongea mlango.