Orval Tietjen na Barabara ya Zamani

Ijumaa, tarehe 30 Mei, Bwana Orval Tietjen atakabidhi funguo za gari la maiti na kustaafu, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya mazishi kwa miaka thelathini na sita.

Alikuja kwetu akiwa kijana wa hapa Nebraska aliyechoka kukamua ng'ombe wa baba yake. Tulimfundisha kufunga tai. Kuendesha taratibu alijifundisha mwenyewe, na akapitiliza. Kuna mwaka, akirudi na gari tupu, alipitwa na trekta, na mwenye trekta bado anasimulia.

Marehemu wanaotoka hospitali za Omaha wangeweza kuletwa kwa barabara kuu mpya, na watu wakawahi chakula cha mchana. Orval hakutaka. Alipita ile ya zamani, inayokatiza miji yetu midogo, kwa sababu huko watu bado husimama. Likitokea gari la maiti, wenye magari hujitoa kando, huvua kofia na kungoja lipite. Meneja alilalamikia mafuta mara kadhaa. Orval alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akafanya vilevile.

Safari nisiyoisahau ni ya Novemba iliyopita, tulipomleta marehemu Lowell Brandt. Yeye ndiye aliyesimamia maghala ya nafaka yaliyofilisika, wakulima wakapoteza mavuno yao. Mmoja wao, Merle Vopat, alipoteza na shamba, akabaki kulima ya wengine. Lowell alihamia Omaha, hakurudi tena akiwa hai. Tulikaa watatu kiti cha mbele, mimi, Orval na Janelle, binti wa marehemu, naye akaomba tupite barabara mpya.

"Kwenye ya zamani hakuna atakayesimama," alisema. "Sitaki kuliona hilo, Orval. Tumzike tu yaishe."

"Binti, watakachofanya sikijui," Orval alimjibu. "Ila baba yako ni mtu wa hapa. Nikimpitisha kwa kificho, nitakuwa nimemhukumu mimi."

Janelle akakubali. Mji wa kwanza haukuwa na mtu nje, kwa mvua. Wa pili, gari moja lilitupita bila kupunguza mwendo, na Janelle akainamisha kichwa. Iliniuma, na kimoyomoyo nikamlaumu Orval.

Tulipokaribia kwetu tukamwona Merle juu ya trekta, akija upande wetu. Alijua fika nani yumo ndani. Tangazo la mazishi lilikuwa gazetini. Aliisogeza trekta pembeni, akashuka kwenye matope, akavua kofia. Malori mawili yaliyokuwa nyuma yake yakasimama pia. Janelle alilia mpaka makaburini.

Wiki hiyo nilimkuta Merle mgahawani, nikamuuliza kama amemsamehe Lowell.

"Nani kakwambia?" alisema. "Yule mtu kanimaliza. Lakini alikuwa anarudi kwao."

Orval, tunakushukuru kwa kila familia uliyoifikisha nyumbani. Tutakukosa sana, hata meneja, ingawa hatasema. Afya iwe yenu, wewe na mkeo Ardith, na miaka iliyobaki iende kwa mwendo unaoupenda.

Janelle tumemwalika kwenye sherehe ya Ijumaa. Kwa kuwa atatoka kazini Omaha na muda ni mfupi, tulimshauri apite barabara mpya. Amejibu kwamba atachelewa kidogo, tumwie radhi. Atapita ya zamani.