Historia ya Marehemu Kunegunda Luambano, Aliyewasemea Wasichana wa Kazi

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Msamala na nyote mliotoka mbali, familia imenituma niwasomee maisha ya Kunegunda Luambano, aliyezaliwa Peramiho tarehe 3 Machi 1941, mtoto wa tano wa Mzee Kajetani, akasoma hadi darasa la nane mwaka 1956, akajifunza uuguzi, na mwaka 1969 akaajiriwa ofisi ya ustawi wa jamii hapa Songea, hadi alipostaafu mwaka 1996.

Tarehe 8 Januari 1963 alifunga ndoa na Mwalimu Pankrasi, wakajaliwa watoto wanne, mkubwa wao Aurelia.

Biashara ilipofunguliwa na maduka kuongezeka mjini, wasichana wengi waliletwa kufanya kazi za ndani, na walioteswa waliishia mezani kwake. Novemba 1992 majirani walimletea Shakila, binti wa miaka kumi na sita kutoka Nakapanya, aliyetumikishwa miaka miwili na mfanyabiashara mmoja bila mshahara wala ruhusa ya kwenda kwao. Kunegunda alipanda lori la kwenda Nakapanya wakati wa masika, akakaa njiani siku tatu, akamkuta Bi Chiku, mama wa binti, ambaye aliambiwa mwanawe ametoroka na mwanamume, huku binti naye akiambiwa mama amemkana.

Mfanyabiashara huyo alishtakiwa, na Kunegunda akaitwa kutoa ushahidi kama mtaalamu. Kabla ya kesi walikuja watu wa heshima kumwomba anyamaze, na hata Mwalimu Pankrasi, kwa hofu, alimsihi asingizie ugonjwa, naye akajibu, “Nikiugua siku hiyo, mnipeleke mahakamani kwa machela.”

Tarehe 17 Machi 1993 wakili wa mshtakiwa alimpinga, akidai kwamba mwanamke wa darasa la nane si mtaalamu, lakini hakimu alimkubali kwa miaka yake ishirini na minne ya kuwahudumia wasichana wa namna hiyo. Wakili akauliza, “Mlango ulikuwa wazi, sokoni alitumwa kila siku, mbona hakukimbia?”

“Mheshimiwa,” akasema Kunegunda, “kila asubuhi aliambiwa akiondoka, mama yake atakamatwa. Alikwenda sokoni na hofu hiyo, akarudi nayo. Nimewapokea kumi na mmoja walioshikwa hivyo hivyo. Kufuli la kazi gani?”

Alisimama kwa muda wa saa tatu, miguu imevimba, kiti akakikataa. Mshtakiwa alitiwa hatiani, na Shakila, ambaye leo ni fundi cherehani na amekaa hapa pamoja nasi, alirudi kwa mama yake. Baadaye Kunegunda aliitwa katika kesi nyingine sita, mbili zikashindwa, na wasichana wa kesi hizo mbili akawachukua nyumbani kwake, akawalea.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 1995, akalazwa tarehe 2 Juni 1998, na tarehe 14 akaitwa na Mungu, akiwa na miaka 57.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliopika na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake waliobeba jeneza.

Mama Kunegunda, Mungu akupokee, upumzike kwake kwa amani.