Magunia Sita ya Mama Wanjugu

Kwa huzuni, na kwa aibu ambayo mtaielewa nikifika mbele, tunawasomea maisha ya mama yetu mpendwa, Tabitha Wanjugu Mungai.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Mutuini, Dagoretti, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Maina. Alisoma hadi darasa la saba, karo ikakatika.

Mwaka wa 1970 aliajiriwa kupika chai katika ofisi moja katikati ya jiji. Hapo ndipo alipokutana na karani mmoja mpole, baba yetu, marehemu Mungai. Walifunga ndoa kanisani tarehe 9 Disemba 1972, wakahamia Gikambura kwenye miti mia tatu ya kahawa. Kahawa yenyewe Mama hakuionja hata siku moja. "Hiyo ni ya karo," alituambia. "Nyinyi kunyweni chai."

Alipoacha kazi mwaka wa 1995, aliishika kahawa hiyo kwa mikono miwili. Sosaiti, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilimpa mbolea kwa mkopo, jirani yake Veronicah, Mama Shiko, akimdhamini, na deni likakatwa kwenye malipo ya mavuno. Kila mti ulimpa kilo nane.

Mwaka wa 2019 mavuno yalianguka. "Andika tu ni kiangazi, Mwaura," dada yangu Nyokabi alinisihi juzi. "Watu wataongea." Wacha waongee. Hapakuwa na kiangazi. Mama alinituma stoo ya sosaiti nikamchukulie magunia kumi ya mbolea. Nilimletea manne, nikamwambia mengine yatakuja. Sita niliyauza sokoni Dagoretti, nikalipia kibanda cha kuuzia simu huko Adams Arcade.

Miti ilitoa kilo mbili mbili. Malipo ya Mama hayakutosha, kwa hivyo deni lililobaki likakatwa kwenye kahawa ya Mama Shiko. Msimu uliofuata wote wawili walinyimwa mbolea, na shamba la Mama Shiko nalo likadhoofika. Katika mkutano mkuu wa sosaiti, karani wao aliuliza magunia yalienda wapi. Nilikuwa nimeketi kando ya Mama. Alisimama.

"Mbolea nilichukua mimi. Nikaitumia vibaya."

Nami nikamwacha abebe lawama yangu. Njiani tukirudi nyumbani aliniambia tu, "Ukipatana na Mama Shiko, umsalimie vizuri." Kwa miaka sita nimekuwa nikimkwepa.

Figo za Mama zilianza kumsumbua mwaka wa 2023. Wiki yake ya mwisho, Mama Shiko alimletea uji wa wimbi hospitalini. Mimi nilijificha kwenye ngazi mpaka akaondoka. Mama alituacha Ijumaa, tarehe 2 Mei 2025, saa kumi na moja asubuhi.

Ameacha watoto wawili, Mwaura na Nyokabi, wajukuu watano, na rafiki mmoja aliyeketi pale nyuma, ambaye hadi dakika hii anadhani alimdhamini mtu asiyeaminika.

Mama Shiko, hukukosea kumdhamini. Mwizi ni mimi. Nisamehe.

Sasa Mama apumzike, jina lake likiwa safi.