Kisu cha Evode

Benchi letu lilikuwa ubao wa mkalitusi juu ya mawe mawili, barazani pa kantini ya Masisi, pale ambapo malori ya kutoka Sake yalipumzika kabla ya kuteremka msituni kwenda Walikale. Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne, majira ya mvua, na ukungu ulikuwa umekaa kilimani tangu alfajiri kama mgeni asiyejua kuaga. Mama Béata aliuza kahawa kutoka birika moja jeusi, na birika likiisha, mazungumzo nayo yalikwisha. Mimi ni fundi cherehani, wananiita Sindano. Watu walidhani nakaa pale kungoja wateja. Nilikaa pale kwa sababu nyumbani kwangu kulikuwa na kiti kimoja tu, na nilikuwa nimechoka kukitazama.

Siku hiyo benchi lilikuwa na kazi. Mzee Rukara, mchungaji wa ng'ombe, ambaye sisi sote tulimwita Papa Evode kwa jina la mwanawe wa pekee, alitaka kununua kisu cha kukunja. Evode alikuwa amekwenda kuchimba kasiterite, mawe ya bati, upande wa Walikale. Aliyekuwa akimtumia vitu huko ni mama yake, Emérita: siagi iliyofungwa katika jani la mgomba, mahindi ya kukaanga, soksi. Emérita alifariki wakati wa kiangazi, na tangu hapo hakuna kilichokwenda Walikale wala kilichorudi. Sasa dereva mmoja alikuwa amekubali kubeba kifurushi, na lori lake lilikuwa mbele yetu, likitiwa maji. Kusuka maziwa mpaka yatoe siagi ilikuwa kazi ya Emérita, Rukara hakuijua. Kisu alikijua, basi akachagua kisu.

— Mi ninataka yenye haivunjikake, alisema Rukara. Kule ni musitu. Ikivunjika, nani atamupatia ingine?

— Papa Evode, umefika kwa mwenyewe, alijibu Abisinia.

Abisinia alikuwa askari wakati wa vita. Alifika Abisinia kwa miguu, akarudi na jina la nchi hiyo, na hakuna jambo duniani ambalo hakuwa ameliona huko.

— Kisu haiangaliwe na macho, akaendelea. Inasikilizwa. Unaifunga karibu na sikio. Ikilia ta, ni chuma. Ikilia tu, ni mukebe ya samaki banageuza.

— Na kama muuzaji anakataa uweke kwa sikio? niliuliza.

— Basi anajua mwenyewe kama ni mukebe.

Katekista akacheka ndani ya kikombe. Huyu alisomea ukatekista kwa muda mfupi, padri akamrudisha kwao kwa sababu ya mdomo. Aliondoka misheni na methali zote, lakini hakupewa nafasi ya kujifunza mahali pa kuziweka.

— Masikio ni ya mapadri, alisema. Bei njo ya kutafuta. Ukitaka kisu nzuri ya bei chini, shuka Kirotshe, kule kwa ziwa, siku mashua inafika. Kila mara sanduku moja inaanguka mu maji. Wenye duka banauzisha vitu vyenye vililowana kwa bei ya bure.

— Kisu yenye ililowana itashika kutu, alisema Rukara.

— Hapana, Papa. Ile ilishabatizwa. Kutu haiirudilie tena. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba inaingia wapi hapo? niliuliza.

— Sindano, wewe shona tu.

Mama Béata alimimina duru ya pili. Mikono yake ilikuwa ya haraka, lakini kwa Rukara alijaza polepole zaidi, hilo niliona. Tangu mazishi kila mtu alimjazia Rukara polepole zaidi, kana kwamba kahawa inaweza kumshika mtu asirudi mapema kwenye nyumba yenye giza. Naye hakuwahi kurudi mapema. Nilijua, kwa sababu kila jioni mtu wa mwisho kubaki benchini pamoja naye nilikuwa mimi.

— Kirotshe ni mbali, na lori inaondoka leo, alisema Rukara.

— Basi nenda kwa plantasio, ile shamba ya pareto pale juu, alisema Abisinia. Muzungu wa pale anaenda likizo Ulaya. Muzungu akienda likizo anauzisha kila kitu kwa baraza: viti, sufuria, visu. Visu njo anauzisha wa kwanza.

— Juu ya nini visu? niliuliza.

— Kwa meli hakuna kisu kuingia. Kapiteni anakatala. Anaogopa bazungu bakichoka na bahari batamukata.

— Bamukate na bajiendeshee meli? aliuliza Mama Béata.

— Mama, mi niliona hiyo meli na macho yangu.

— Abisinia ulienda na miguu, nikamkumbusha.

— Meli niliona kwa mbali.

Rukara alisikiliza yote haya kwa makini ambayo hatukustahili. Alikuwa akigeuza kofia yake mapajani, na kila mara injini ya lori ilipokohoa aliinua kichwa.

— Na ulimi ya kukata? aliuliza. Nichukue ya ulimi moja ao mbili?

Hapo Katekista aliweka kikombe chini, maana swali hili liligusa dini.

— Moja, Papa. Muntu ya ndoa ya kanisa anabeba kisu ya ulimi moja. Ile ya ndimi mbili ni ya bapagani: moja inafanya kazi, ingine inalala inakasirika. Utaona asubuhi hata ile ya kwanza haikate tena.

— Evode hajaoa, alisema Rukara.

— Njo maana umufundishe mapema. Samaki mukunje angali mbichi. Unaona bababu balifikiria hata visu vya kukunja.

— Bababu balifikiria samaki, alisema Mama Béata.

— Niliona kisu moja Misri, alisema Abisinia, ambaye hakupenda mtu mwingine aongee kwa muda mrefu. Ilikuwa na ndimi saba. Mwenyewe akiifungua, kivuli yake kwa ukuta inakatika. Bantu banapita mbali, banaogopa kwa vivuli vyao.

— Alikuwa anauzisha ngapi? aliuliza Rukara.

— Hakuuzisha. Alikuwa anaogopa pesa yenye utamupatia itakuwa imekatika.

Tulicheka, Rukara naye akacheka, lakini kicheko chake kilikwisha kabla ya chetu. Utingo wa lori akaanza kufunga turubai.

Ndipo akaja mtu tusiyemjua. Alisukuma baiskeli kwenye matope, nyuma amefunga sanduku la mbao. Akaomba kahawa, akasalimu kila mtu, akasema anaitwa Hakorimana, anatoka Kirotshe, anazungusha vitu vidogo vidogo sokoni: vioo, viberiti, nyembe, visu.

— Visu? tulisema wote.

— Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, alisema Katekista, akiitazama baiskeli, na kwa mara ya kwanza siku hiyo methali yake ilikaa mahali pake. Hata yeye alishtuka.

Mgeni hakukasirika. Alifungua sanduku, akafunua kitambaa kilichopakwa mafuta, akaweka juu ya ubao visu viwili vya kukunja vyenye mpini wa pembe. Vilifanana kama watoto wa mama mmoja. Abisinia akachukua kimoja, akakifunga karibu na sikio lake. Akakifunga tena. Akachukua cha pili. Tukangoja hukumu.

— Zote zinalia ta, alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni kidogo, ya mtu aliyekosa la kupinga.

Rukara alijaribu makali kwa nywele za mkono wake. Zikaondoka bila kelele. Akapinda ulimi juu ya goti, ukarudi sawa. Niliona uso wake ukifunguka, na nikafurahi kwa ajili yake, kwa sababu ilikuwa siku nyingi sijauona hivyo.

— Bei?

Mgeni alitaja bei ya kisu cha kwanza, tukafyonya wote pamoja, kama ilivyo desturi. Akataja bei ya cha pili, ikawa nusu. Hakuna aliyefyonya.

— Juu ya nini hii iko nusu? niliuliza.

— Chuma ni moja, fundi ni moja, alisema mgeni. Angalieni kwa ulimi. Munaona hii kashimo kadogo? Njo ya kuingiza kucha, uvute ulimi itoke. Kwa ile ya bei kubwa iko upande huu, ya muntu wa kuume. Kwa hii iko upande ingine. Ni ya muntu wa mukono ya kushoto. Maduka zinaikatala, haina bateja. Njo maana ninaiuzisha chini.

— Chukua hii, Papa Evode, alisema Abisinia. Nusu ya bei, na inalia ta.

— Chukua, alisema Katekista. Kikulacho ki nguoni mwako. Sasa utakuwa na kitu nzuri mufukoni.

— Ngojeni, alisema mgeni. Ni yako, Papa?

— Ya mutoto yangu. Iko kule Walikale, kwa machimbo.

— Kule mvua haiachake, vidole vinateleza. Kama ni wa kushoto, hii njo bahati yake, hataipata tena. Kama ni wa kuume, itamusumbua kila siku, mwisho itamukata. Anakataka na mukono gani?

Swali dogo kama hilo. Rukara akatazama viganja vyake mwenyewe, kimoja baada ya kingine.

— Kuume, alisema Abisinia. Bantu bote ni kuume.

— Bantu bengi, ndiyo. Mi nauliza huyu.

— Alisoma misheni, alisema Katekista. Kule balimu banapiga mukono ya kushoto mpaka inasahau.

— Kuandika ni ya mwalimu, kaka. Kukata ni ya mwenyewe.

Rukara alitugeukia. Alianza na mimi. Akaniuliza kama sikumwona Evode akitupa jiwe, au akilima, au akikata kamba, yule mtoto aliyepita mbele ya cherehani yangu miaka yote. Nilimwona Evode akikua. Nilimpima suruali yake ya kwanza. Nilijua urefu wa mguu wake, na mkono wake sikuujua. Abisinia alitazama barabara. Mama Béata alisema:

— Emérita aliniambiaka siku moja, juu ya kijiko…

Akafuta mdomo wa birika. Tulimngoja.

— Hapana, Papa Evode. Sikumbuke vizuri. Nisikudanganye.

— Emérita alikuwa anajua, alisema Rukara. Emérita njo wa kuuliza.

 Chuma cha nchi zote tulikijua, na vivuli vya Misri, na mambo ya kapiteni wa meli. Mgeni alikuwa ameshika visu vyote viwili, kimoja kila kiganja, na nadhani alijuta kuuliza.

— Ng'ombe yangu Gaju anapigaka teke na muguu ya kushoto, alisema Rukara polepole. Mama yake alikuwa vile vile. Ile nyeupe haitake umukamue upande wa kuume. Hiyo yote ninajua. Miaka ile nilikuwa kule juu na ng'ombe. Nikishuka nyumbani, Evode anakuja kunisalimia. Nikimupatia kitu, anainama, anapokea na mikono mbili. Nikimuomba maji, analeta na mikono mbili. Sikumuona hata siku moja na mukono moja.

Hivyo ndivyo tulivyowalea watoto wetu wote. Mtoto akipokea kitu cha baba yake kwa mkono mmoja, ni matusi, na Emérita alimfundisha mwanawe vizuri. Nilitaka kumwambia Rukara kwamba hakuna kosa hapo, lakini nikaishia kumsogezea kikombe changu.

Dereva alipiga honi. Rukara akasimama, akavaa kofia, akaenda mpaka mlangoni mwa lori. Tulisikia kila neno.

— Kiko wapi kifurushi, Papa?

— Leo hakuna.

— Hakuna kabisa?

— Hakuna. Ukimukuta anakula, ao anakata kitu, mwangalie tu mukono gani. Ukirudi, uniambie.

— Na yeye nimwambie nini?

Rukara alifikiri mpaka utingo akapanda juu ya mizigo.

— Mwambie umenikuta muzima.

Lori likaondoka, na tulilisikia kwa muda mrefu baada ya ukungu kulificha. Mgeni alifunga visu vyake katika kitambaa, taratibu, akanywa mabaki ya kahawa yake akiwa amesimama. Rukara alirudi akakaa mahali pake. Mama Béata aliinamisha birika, likatoa matone machache na machicha.

— Lakini ni mutoto wa adabu, Papa Evode, alisema Abisinia, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo. Hiyo sisi bote tunajua.

— Ndiyo, alisema Rukara. Mi alinipatia adabu. Ile ingine yote alimupatia mama yake.