Wasifu wa Bi Hebu, Mkaguzi wa Almasi, na Jiwe Alilolishuku

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wa marehemu, na ndiye anayeusoma. Wale mliokimbilia ukurasa wa mwisho kuangalia nani ametajwa na nani ameachwa, rudini hapa mwanzo. Tunajuana. Tangu Ijumaa minong'ono haikatiki: eti mkaza mwana wa marehemu atasomwa au hatasomwa, eti amefuata nini hapa, eti kidoleni ana pete au hana. Marehemu aliacha maagizo juu ya jambo hilo, na yatafuatwa neno kwa neno.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 11 Aprili 1951, nyuma ya stesheni ya reli, katika nyumba ambayo treni ya alfajiri ilivitikisa vikombe kabatini. Baba alikuwa karani wa mizigo, mama alikuwa dobi, na watoto walikuwa wawili tu. Kazi yake ya kwanza nyumbani ilikuwa kuchambua maharage. Mama akishamaliza kuyachambua, yeye huliomba sinia ayapitie tena, na hakosi kutoa kijiwe kimoja. Siku moja mama alichoka akamwambia, "Wewe mtoto, hivyo vijiwe unavitoa mfukoni mwako." Alinuna siku mbili, na siku ya tatu akageuza mifuko yote nje mbele ya mama, asije akasingiziwa tena.

Alianza shule Januari 1958 na kumaliza kidato cha nne Novemba 1969. Darasa la sita alirudi kwa mwalimu wa hesabu na karatasi ya mtihani mkononi. "Mwalimu, umenizidishia alama mbili. Kwa nini?" Mwalimu akasema ni bahati mbaya, amejumlisha vibaya. Marehemu hakuridhika. Muhula mzima alimtazama yule mwalimu kwa jicho la pembeni, akijiuliza anataka nini kwao.

Baada ya kazi za hapa na pale, tarehe 8 Januari 1973 aliajiriwa katika ofisi ya kukagua almasi, ghorofa ya nne, madirisha yenye nondo, meza nyeupe na taa nyeupe. Alianza kwa kuandika lebo za bahasha, akafundishwa miaka miwili, kisha akakaa kwenye kiti chake cha ukaguzi hadi alipostaafu tarehe 30 Aprili 2006. Mtu akimletea jiwe na kuanza kulisifia, alikuwa akinyoosha mkono na kusema neno moja tu: "Hebu." Ndipo wenzake wakamwita Bi Hebu, na jina likamfuata mpaka nyumbani.

Kwa mliokuwa mkidhani aliuza pete, hapana. Kazi yake ilikuwa kupima usafi wa jiwe. Alilishika kwa kibano, akaliangalia kwa kioo cha kukuza mara kumi, akatafuta kilichomo ndani: nukta nyeusi, ufa mwembamba, au vumbi jeupe lililokusanyika, ambalo wao huliita wingu. Kila alichokiona alikichora kwenye karatasi kwa wino mwekundu. Nukta ikiwa katikati, mwanga unapoingilia, inalishusha jiwe daraja. Nukta hiyo hiyo ikiwa ukingoni, haina uzito kama huo. Mawe mawili ya uzito mmoja na weupe mmoja, ukiyaweka kiganjani huoni tofauti hata kidogo, lakini moja linaweza kuuzwa kwa bei maradufu ya mwenzake kwa sababu ya kile ulichoshindwa kukiona. Na kwa kuwa hakuna mawe mawili yenye dosari zinazofanana, ule mchoro mwekundu ndio uliokuwa kitambulisho cha jiwe. Jiwe safi kupita kiasi lilimpa wasiwasi kuliko jiwe lenye kasoro. Mwaka 1988 mfanyabiashara mmoja, miwani ya jua usoni na kicheko kingi, alileta almasi isiyo na ufa wowote. Ofisi nzima ikapumua. Marehemu aliligeuzageuza taratibu, akaona mmweko wa zambarau unapita ndani, akasema, "Hapa pamezibwa kwa kioo." Kicheko kikakata hapo hapo.

Jambo moja la kazini inabidi tulitaje. Kila jiwe lilikaguliwa na watu wawili wasioonyeshana majibu. Marehemu akiandika lake, mwenzake wa meza ya pili anaandika lake, kisha msimamizi analinganisha. Hakuna aliyeruhusiwa kujiamini peke yake, hata Bi Hebu.

Mwaka 1976 fundi saa aliyekuwa na kibanda chini ya jengo lao alimwomba amwoe. Walikuwa hotelini, chakula kiko mezani. Fundi akafungua kisanduku, pete hii, almasi ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Mwanamke mwingine angelia. Marehemu alisema, "Hebu," akatoa kioo kwenye mkoba. Dakika kumi na moja, na mwenye kuhesabu ni fundi saa, hawezi kukosea.

"Kuna nukta nyeusi ukingoni," akasema.

"Najua. Nilimuuliza muuzaji akanionyesha."

"Ulimuuliza? Kwa nini?"

"Nilijua utaangalia."

Wakafunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1976. Jiwe alilichora kwa mkono wake: nukta moja ukingoni, na ufa kama unyoya kando yake. Tarehe 3 Machi 1979 wakampata mtoto wao wa pekee, ambaye sasa ni mpima ardhi. Huyo naye mwaka 2006 akaoa fundi cherehani, binti mchapakazi, mwepesi wa kucheka. Marehemu alimkagua miaka mitano asimwone na dosari. Hapo ndipo roho yake ilipoanza kukaa juu. Akawa anamwambia mdogo wake, "Huyu ni safi mno. Kuna kitu amekiziba."

Septemba 2011 vidole vya marehemu vilivimba, pete ikawa inambana. Mkaza mwana akajitolea kuipeleka kwa sonara ikapanuliwe. Ilikaa kule siku mbili. Iliporudi, marehemu alichukua kioo chake, ambacho alikuwa hajakishika tangu astaafu, akaangalia, akaangalia tena. Nukta nyeusi haikuwepo. Ufa haukuwepo. Katikati ya jiwe, mahali palipokuwa peupe kama maji miaka thelathini na mitano, palikuwa na wingu. Na wiki hiyo hiyo mkaza mwana alikuwa amenunua cherehani mpya ya umeme.

Mume wa marehemu akamwambia, "Nipe nami nione. Kioo ninacho."

"Wewe unajua saa," akamjibu, akaifungia pete ndani ya kisanduku na ufunguo akauvaa shingoni.

Jumapili, tarehe 9 Oktoba 2011, mjukuu wa kwanza alitimiza miaka mitatu. Ukimwacha marehemu na mkaza mwana, mezani palikuwa na watu wazima kumi na tisa. Keki haijakatwa, marehemu akasimama. "Jiwe langu limebadilishwa. Zuri limetolewa, hafifu limewekwa, na tofauti ya bei imenunua cherehani. Aliyefanya hivyo amekaa pale." Akanyoosha kidole. Mkaza mwana alisema tu, "Mama, mimi?" Hakuna aliyemtetea zaidi ya mumewe, mpima ardhi. Mdogo wa marehemu, huyu anayewasomea, alikuwa karibu kabisa na yule binti, na alichofanya ni kuvuta mkoba wake kutoka kwenye kiti cha katikati na kuuweka mapajani. Anaona aibu mpaka leo.

Kijana akamchukua mke na watoto, wakahama mtaa. Miaka mitatu na miezi minane hawakukanyaga kwa mama. Huku nyuma binti wa watu akaitwa Mkono Mrefu, wateja wakaanza kuhesabu vitambaa vyao mara mbili. Hayo msijifanye hamkuyasikia. Wengine ndio mliyatunga.

Katika miaka hiyo marehemu alisumbuliwa na kisukari na moyo. Akawa pia analalamikia balbu. Kila taa hafifu, kila gazeti limechapwa vibaya, na mumewe eti ananunua balbu za bei rahisi akidhani hajulikani. Mwaka huu ndipo daktari wa macho alipomwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, wa miaka mingi. Alimshuku hata daktari, akaenda kwa wa pili, akaambiwa yale yale. Jicho la kulia, jicho lake la kazi, lilifanyiwa upasuaji Jumanne, tarehe 16 Juni 2015.

Ijumaa ya tarehe 26 Juni, mdogo wake alikuwa naye chumbani. Marehemu alifungua kisanduku, akaosha pete kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akaweka kioo jichoni. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Nani ameingia chumbani kwangu?"

"Hakuna mtu, dada."

"Limerudi. Nukta hii hapa, ufa huu hapa. Yule binti amelirudisha jiwe langu."

"Amelirudisha vipi, na ufunguo unalala nao shingoni?"

"Ndiyo nikuulize wewe!"

Ala! Basi mdogo mtu, miaka yote hiyo, akashukiwa wizi, tena wizi wa kurudisha. Aliinuka kwa hasira atoke. Jicho jipya la marehemu lilikuwa limechoka, linatoa machozi, akahamishia kioo jicho la kushoto, lile ambalo bado halijapasuliwa. Akarudisha kulia. Akapeleka kushoto. Kulia, nukta. Kushoto, wingu. Alifanya hivyo mara tano, jiwe ni lile lile, kibanoni pale pale.

"Dada, kuna nini?"

"Wingu lilikuwa jichoni mwangu," akasema. Akalia, na mdogo wake ikawa kazi kumshika mikono asilisugue jicho.

Jumatatu, tarehe 29 Juni, walikwenda pamoja kwenye duka la mkaza mwana. Alikuwa anapinda suruali, futi shingoni, pini mdomoni. Hakuinuka.

"Shikamoo mama. Umekuja kukagua nini?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Jiwe ni lile lile. Jicho langu ndilo lilikuwa bovu."

Alizitoa pini mdomoni moja moja akazichomeka kwenye kitambaa. "Nani mwingine anajua?"

"Mdogo wangu huyu. Na mume wangu, tangu jana."

"Uliponiita mwizi walikuwepo kumi na tisa. Niliwahesabu mama, sikuwa na kingine cha kufanya."

Marehemu akavua pete akaiweka juu ya cherehani. "Ichukue. Ni yako."

"Sitaki. Nikiivaa watasema, si mnaona, mwishowe ameipata. Mimi nataka waangalie. Kila mmoja, kwa jicho lake. Nyinyi si watu wa kuambiwa."

Marehemu hakubisha. Aliandaa chakula cha mchana Jumapili, tarehe 2 Agosti, akawaalika kumi na tisa wote mwenyewe, wasio wa nyumbani kwa simu. Kwa nini aliwaita, hakusema, na tunajua mlivyohangaika kubahatisha. Siku tatu baada ya simu za mwisho, wajukuu waliletwa kumwona. Mama yao aliwafikisha getini, akawangoja ng'ambo ya barabara. Marehemu alimwangalia kupitia pazia mpaka watoto walipoitwa. Kama binti huyo amemsamehe, hatujui. Tafadhali msimuulize leo.

Usiku wa Jumatano moyo ulimzidia. Asubuhi aliuliza, "Wangapi wamesema watakuja?" Akajibiwa kumi na saba. "Na hao wawili wana nini?" Alifariki Alhamisi, tarehe 30 Julai 2015, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na minne. Kwenye bahasha aliyomwachia mdogo wake aliandika kwamba ikitokea hakufika Jumapili, shughuli isiahirishwe. Kwa hiyo leo ni Jumapili, tarehe 2 Agosti, na nyote kumi na tisa mpo. Hata wale wawili. Tumehesabu.

Marehemu ameacha mume, fundi saa, ambaye miaka mitatu na miezi minane aliomba aangalie akakataliwa. Mwana mmoja, mpima ardhi. Mkaza mwana mmoja, fundi cherehani, ambaye hakuiba kitu chochote. Wajukuu wawili, wa miaka sita na minne. Na mdogo mmoja, ambaye anamwomba fundi cherehani radhi hapa hapa, mbele yenu, kwa ule mkoba.

Kushoto kwa jeneza kuna meza yenye kitambaa cheupe. Juu yake kuna taa, pete, mchoro wa wino mwekundu wa mwaka 1976, na kioo cha kukuza mara kumi. Mume wa marehemu atawaelekeza namna ya kukishika. Kumi na tisa mliokuwepo siku ile, ambao majina yenu yameandikwa kwenye bahasha, pangeni mstari. Hakuna kusema umeshaamini. Kila mmoja ainame, aitafute nukta mpaka aione, kisha amgeukie fundi cherehani wetu, aliyesimama pale mwisho wa meza na watoto wake, amwambie kwa sauti alichokiona. Wa kwanza atakuwa huyu anayesoma. Akishapita wa kumi na tisa, ndipo tutamshusha Bi Hebu, apumzike kwa amani.